Kabla hujanunua magurudumu ya skeitibodi, angalia kwanza unapoendeshea

Mdogo wangu, umeuliza uchukue magurudumu ya milimita 52 yenye ugumu wa 101A ama yale ya 60 yenye 78A, na umesema kila siku unaskeiti kwa kabro, yale matofali ya njia, kutoka ploti hadi steji, na Shangilia, ile paki ya kuskeiti, unaenda Jumamosi tu. Basi hizo kabro ndio zinaamua, si video unazoona.

Mimi nilianza na 52 za 101A manake pale paki kila mtu alikuwa nazo. Kwa zege laini ni tamu sana, unasukuma mara moja unaenda mbali na bodi inateleza vile unataka. Lakini siku ya kwanza kuzileta mtaani mtetemo ulinipanda hadi kwa meno, halafu kakokoto kadogo kama punje ya mahindi kakaingia mbele ya gurudumu, gurudumu likakwama pale pale nikarushwa kwa lami. Alama iko kwa kiwiko mpaka leo. Gurudumu dogo na gumu halipandi kokoto, linasimama, lakini laini linabonyea kidogo linapita juu yake.

Hio namba yenye A ndio ugumu, ikipanda gurudumu ni gumu zaidi. 78A hadi 87A ni za barabara, 99A kwenda juu ni za paki na triki.

Sasa usikimbilie 60 hivi hivi. Nilizifunga bila kuweka raiza, kale kabapa ka kuinua bodi, kati ya traki (chuma kinachoshika magurudumu) na mbao, nikakata kona kali, gurudumu likashika mbao na bodi ikasimama ghafla. Ukiipindua utaona mfereji mweusi pale juu ya gurudumu, hata kucha inaingia. Ningekuwa wewe ningechukua 56 za 78A, na hata hizo ukishafunga simama upande mmoja wa bodi uilalie kabisa, ikigusa weka raiza.

Zile ngumu kama unazo usiuze. Na hizi laini ukijaribu triki bodi inadundadunda, haitelezi, kwa hivyo Ijumaa jioni toa uweke ngumu, spana ya 13 inatosha na beringi ni zile zile za 608 zinaingia kote. Ukipata za mtumba, zungusha kila moja polepole ukipitisha kidole juu yake, mahali palipolika pakawa bapa utapasikia, hio achana nayo hata kama ni bei ya kutupa.