Zoezi la nani?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa tatu. Katika ripoti ya maabara niliandika: "Zoezi la ufuatiliaji wa uhaidrojenishaji liliweza kufanyika kwa kutumia kromatografia ya tabaka nyembamba." Msimamizi wangu amepigia mstari "kromatografia" na kuandika pembeni: "Tafuta Kiswahili chake." Kiswahili chake ni kipi? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Mwambie msimamizi wako, kwa heshima zote, kwamba amemkamata asiye na hatia. Kiswahili cha kromatografia, njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, ni kromatografia. Asili yake ni Kigiriki, khroma rangi na graphein kuandika, na aliyelitia katika sayansi mwaka 1906 ni mtaalamu wa mimea Mrusi, Mikhail Tsvet, aliyetenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha katika bomba la kioo lililoshindiliwa unga wa chaki. (Tsvet kwa Kirusi ni "rangi". Wengine huzaliwa na kazi yao mkononi.) Ukisema "maandishi ya rangi" utatudanganya, maana madoa yako mengi hayana rangi yoyote mpaka uyamulike kwa taa ya urujuanimno. Liache neno la watu. Rekebisha tu upatanisho: tabaka ni jembamba, si nyembamba.

Haya, swali limekwisha. Sasa lile ambalo hukuniuliza.

"Zoezi." Ndugu yangu, zoezi la nani?

Zoezi limetokana na zoea. Ni jambo unalolirudia mpaka ulizoee: hesabu za mwisho wa sura, kuruka kamba alfajiri. Siku hizi kila tendo limekuwa zoezi. Washa redio: zoezi la uokoaji, zoezi la uandikishaji, zoezi la kuhesabu kura. Majuzi nilikuwa msibani, mwenye kipaza sauti akatutangazia kwamba sasa tunaingia katika "zoezi la kuaga mwili". Nikabaki najiuliza tumuage marehemu mara ngapi ndipo tuzoee.

Na zoezi lako, mwanangu, "liliweza kufanyika". Liliweza! Lilikula nini likapata nguvu hizo? Na wewe ulikuwa wapi?

Kazi hii nijuavyo ina mikono na macho. Tuseme ulikuwa na esta ya asidi ya mdalasini, kampaundi unayotaka kuitia haidrojeni. Ukaiyeyusha, ukatia paladi, metali ya kuchochea mmenyuko, iliyo juu ya mkaa, ukafukuza hewa, ukafunga puto la haidrojeni. Kila baada ya muda ukachota tone kwa sindano, ukalichuja kuondoa ule unga mweusi, ukalidondosha kwenye kibao cha silika kando ya tone la esta ya mwanzo, na katikati ukaweka doa la tatu lenye yote mawili. Kibao ukakisimamisha katika kiyeyushi, kiyeyushi kikapanda. Hesabu vitenzi hivyo. Wewe umevifungia vyote ndani ya neno moja, "ufuatiliaji", ukakaa juu ya kifuniko.

Hasara yake si ya masikio tu. Katika mmenyuko huu doa la esta na doa la zao, yaani esta iliyokwisha kutiwa haidrojeni, hupanda karibu sawa, kama mapacha wanaogombea ngazi. Kinachowatofautisha ni ulichokiona: chini ya taa doa la esta ni jeusi tii, la zao limefifia, ukichovya kibao katika pamanganeti, dawa ya rangi ya zambarau, esta, yenye bondi maradufu ambayo haidrojeni haijaivunja, hugeuka njano upesi juu ya zambarau, na zao huchelewa. Kwa hiyo msomaji wako anataka kujua kama doa lilififia, lilitoweka, au lilibaki palepale likikucheka. Kumwambia "zoezi lilifanyika" ni kama kumjibu mgonjwa aliyefuata majibu ya vipimo kwamba vipimo vimepimwa.

Andika: "Tulifuatilia mmenyuko kwa kromatografia ya tabaka jembamba kila baada ya nusu saa, mpaka doa la esta lisionekane tena." Basi. Hakuna zoezi, hakuna kuweza, na hakuna aliyeumia.

"Uhaidrojenishaji" nao? Lina silabi nane na halina huruma kwa mwenye mapengo, lakini limeundwa kwa kanuni zetu wenyewe: -isha ile ile ya "fundisha", -aji ile ile ya "ufundishaji". Nimezeeka, siligombi tena. Liweke kwenye kichwa cha ripoti. Ndani ya aya sema "kutia haidrojeni" upumue.

Ila ukifika hatua ya mwisho usiniletee "zoezi la uchujaji wa kichocheo". Paladi ile ikikaukia kwenye karatasi ya chujio huweza kuwaka yenyewe. Siku hiyo utapiga kelele "Moto!", hutatangaza kwamba kuna zoezi la uwakaji linaloendelea.