Kabla ya Kununua Pampu ya Breki, Pima Stima Inayoifikia

Wiki hii nimeandikiwa na msomaji wa Kakamega. Prius yake, gari la Toyota linalotumia petroli na umeme, imewasha taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama ukishika breki) na taa nyekundu ya breki, na inalia mfululizo. Gereji imeunganisha mashine, ikasoma namba za hitilafu C1252 na C1256, na bila kupima chochote wakamwambia anunue pampu na yuniti nzima ya breki. Sasa anawaza kuuza ng'ombe. Ndugu yangu, usiuze kitu bado.

Mimi yalinikuta hayo hayo nikiteremka na Prius yangu kutoka Kericho kuelekea Awasi, mama yangu akiwa kiti cha mbele. Taa ziliwaka, gari likaanza kulia, pedali ikakaza na gari likawa linashika breki kwa shida. Niliweka gia kwenye B, injini ikasaidia kulizuia, nikaliingiza pembeni taratibu. Mama hakusema neno. Alikuwa ameushika mkanda kwa mikono miwili, na hata gari liliposimama hakuuachilia.

Gereji niliyolipeleka Kisumu walisoma namba hizo hizo, wakaniandikia bei ya yuniti. Nikauliza kama wamepima stima inayofika kwenye pampu. Fundi wao mkuu akanijibu mbele ya wateja: "Mzee, kompyuta haidanganyi." Jibu hilo linaniuma mpaka leo, maana mtu aliyenipa alikuwa na multimita, kifaa cha kupimia umeme, mezani pake na hakuigusa.

Kompyuta haikudanganya, ni kweli. C1252 inasema mota ya pampu imezunguka muda mrefu kupita kiasi. C1256 inasema presha iko chini. Hakuna hata moja inayosema pampu imekufa. Injini ya Prius huzimika mara kwa mara ukiwa barabarani, kwa hiyo breki zake hazitegemei busta ya kuvuta hewa kutoka kwenye injini. Kuna pampu ya umeme inayosukuma mafuta ya breki ndani ya akumuleta, yaani kitungi cha kuhifadhi presha, na ukikanyaga pedali presha hiyo ndiyo inayokusaidia. Ndiyo maana ukifungua mlango wa dereva asubuhi unasikia pampu ikinguruma kidogo. Sasa pampu hiyo ikipata volti pungufu itazunguka kwa uvivu, itachukua muda mrefu, presha itashuka, na namba zitakazotokea ni zile zile za pampu mbovu.

Nililiondoa gari pale, nikamwita fundi wa waya ninayemwamini kutoka Kibuye. Betri ya volti 12 ya Prius hii iko nyuma kwenye buti, kwa hiyo ilibidi tuunge waya mrefu kwenye multimita ili ifike mbele. Kwanza alipima ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari, kwa ohm (kipimo cha ukinzani wa waya), ikasoma karibu na sifuri. Mafundi wengi huishia hapo na kusema ethi ni nzima. Lakini kipimo cha ohm hupitisha umeme mdogo mno, wakati mota ya pampu inavuta umeme mwingi sana. Ethi mbovu inaweza kufaulu mtihani huo kila siku.

Basi tukaliwasha mpaka dashibodi ikaandika READY, yaani gari liko tayari kwenda, nikakanyaga pedali mara nyingi mpaka pampu ikaanza kunguruma, naye akapima pampu ikiwa kazini. Betri ilisoma volti 14, upande wa chanya ulikuwa safi. Kutoka boliti ya ethi ya pampu hadi hasi ya betri, zaidi ya volti 2 zilikuwa zinapotea! Tukafungua boliti. Chini yake kulikuwa na rangi nyeupe ya bodi, laini, inang'aa, na kutu ya kijani imeanza pembezoni. Fundi wa bodi aliyenyoosha gari baada ya kukwaruzwa na matatu alipuliza rangi hapo, kisha akafunga ethi juu ya rangi.

Msasa, boliti mpya, grisi kidogo. Mngurumo wa pampu ukawa mfupi na mkali, ukakatika. Namba zilifutwa, hazikurudi, na yuniti ile ile ndiyo ninayoendesha nayo hadi leo.

Kwa hiyo dai kipimo. Anza na betri, kisha fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayowasha pampu) na ethi, na vyote vipimwe pampu ikizunguka. Fundi asiyetaka kupima hana haki ya kukuuzia kipuri. Usikubali aibu ya kuambiwa unajifanya mjuaji, pesa ni zako na roho zilizomo ndani ya gari ni za watu wako.

Stima ikiwa safi, na pampu inawaka kila baada ya muda mfupi hata kama hakuna aliyekanyaga pedali, huenda presha inavuja ndani. Hapo yuniti ndiyo mbovu kweli. Mwaka 2013 Toyota yenyewe iliziita Prius nyingi duniani zirudi kurekebishwa kwa sababu ya akumuleta. Lakini asifungue mtu paipu ya breki kabla presha haijatolewa kwa mashine, na nyaya za rangi ya chungwa zisiguswe, zinabeba zaidi ya volti 200.

Nawe wa Kakamega, usiliteremshe gari hilo mteremko wa Kiboswa kuja Mamboleo, Kisumu, eti nilione. Mwite fundi wa waya aje na multimita hapo nyumbani. Akikuta zaidi ya nusu volti inapotea upande wowote pampu ikizunguka, aufuate waya huo mpaka mwisho wake, kisha uniandikie mmekuta nini.