Bustani ya Jeevanjee: inafaa kabisa, dada

Umeuliza pa kupumzikia katikati ya Nairobi na mama mzee, mkisubiri treni ya usiku ya kurudi Mombasa, bila kuketi hotelini saa nzima kwa soda moja. Nendeni Jeevanjee. Iko kati ya Moi Avenue na Muindi Mbingu, hatua chache kutoka City Market. Ni ndogo, dakika tano umeimaliza, lakini kivuli chake si cha kubahatisha: miti imekula chumvi nyingi.

Mwambie mama kwamba uwanja ule ulitolewa kwa wakazi wa jiji mwaka 1906 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara aliyepata kandarasi wakati wa ujenzi wa reli. Mwaka 1991 ulinusurika kugeuzwa maegesho ya magari ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, alikuwa mstari wa mbele kupinga.

Saa sita hadi nane mchana wahubiri huchacha. Mmoja anakemea pepo, hatua kumi pembeni kijana anavunja watu mbavu kwa vichekesho, na katikati yao mtu amejilaza nyasini, gazeti usoni, hana habari. Mimi huupenda mchanganyiko huo; kama mama hapendi kelele, nendeni kuanzia saa tisa.

Simu iwe ndani ya mkoba, si mkononi. Na kabla ya kukaa, tazameni juu. Mimi ndege walinipaka shati jeupe nikielekea kwenye usaili wa kazi.