Re: Paka anakula dagaa wakavu tu, maji hagusi

Dada pole, ila hapo tatizo ni dagaa wakavu wenyewe, hawana maji kabisa, na paka kwa asili maji mengi anayapata kwenye chakula. Paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 kwa siku, ukijumlisha na ya kwenye msosi. Sasa ww upo Kirumba hapo Mwanza, mwaloni kwenye soko la samaki ni pua na mdomo, chukua vichwa vya sato au mapanki ya sangara (mifupa inayobaki minofu ikishatolewa) chemsha, toa miba yote, mpe na supu yake ikishapoa. Usiweke chumvi, na kitunguu maji au kitunguu saumu ndo kabisaa usithubutu, ni sumu kwao. Hata hao dagaa waloweke tu wawe teketeke.

Maji yake weka bakuli pana mbali na sahani ya chakula na choo chake, badilisha kila siku. Maziwa achana nayo, wengi yanawaharisha.

Alafu hujasema ni dume au jike? Kama dume na unaona anachuchumaa anajikamua mkojo hautoki, hiyo usisubiri kesho, mkimbize kwa daktari wa mifugo