"Asante saaana" au "asante sanaa"?

Swali: Mimi ni mwalimu hapa Arua, Uganda. Natunga hadithi fupi na kuwatumia wanafunzi wangu kwa simu. Nikitaka neno livutwe naandika "asante sanaa", lakini mwenzangu anasema nakosea. Niongeze herufi ipi, na mara ngapi?

Jibu: Mwenzako yuko sahihi, mwalimu. "Sanaa" ni neno jingine kabisa, lile la uchoraji, uchongaji na ususi. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu ikijirudia huhesabiwa kuwa silabi mpya. Kwa hiyo ile "a" yako moja imehamisha mkazo kutoka "sa" hadi "na". Ndivyo kukata kunavyogeuka kukataa, na kufa kukawa kufaa. Niliwahi kuhariri hadithi ambamo bibi anamkemea mbuzi aliyevamia mihogo: "Komaa!" Mbuzi hakuambiwa aache; aliambiwa apevuke.

Basi vuta palipo na mkazo, na uandike irabu tatu: saaana, mbaaali, zamaaani, kabiiisa. Mbili zisitumike, maana tayari zina kazi yake. Neno lenye mbili tangu asili, kama "juu", lipe nne: juuuu. Mwisho wa neno huvutwa mtu anapoita, "Mamaaa!", "Hodiii!", na pia tunapoonyesha kitu kilicho mbali: kuleee. Likikutatiza, litamke kwa sauti, uandike pale sauti yako ilipokawia.

Konsonanti ziache. "Shhh" na "mmm" hukubali kwa kuwa pumzi inaendelea kutoka. K, t na p huziba pumzi, hakuna cha kuvuta. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi wetu Uganda tumezoea kusoma Kiganda, ambacho tahajia yake sanifu ya mwaka 1947 huandika konsonanti mbili kwa maana maalumu: okugula ni kununua, okuggula ni kufungua. "Weebale nnyo", yaani asante sana, ina haki ya n zake mbili. Mkono uliozoea hivyo huandika "ssana" bila kujua, na Kiswahili hakina hiyo.

Uvutaji huu uweke katika maneno ya wahusika tu. Msimulizi wako aandike "sana" ya kawaida, kwa kuwa wanafunzi wako wengi wanakutana na maneno haya kwa macho kabla ya masikio, na umbo watakaloliona kwanza ndilo watakaloandika kwenye mtihani.