Maswali na majibu ya raga: kusoma mashambulizi ya mpinzani na kuyazima

Maswali yaliyonifikia safari hii kutoka Kanda ya Ziwa yanazunguka jambo moja: vijana wanajua kukaba mtu mmoja mmoja, ila mpinzani akija na mpango, safu nzima inafunguka. Nimechagua matano.

Kocha, mwezi ujao tunavuka Sirari kwenda kucheza na timu ya Kisumu. Tumepata video ya mechi yao iliyorekodiwa kwa simu. Tuangalie nini? (Nahodha, Nyegezi)

Mara ya kwanza itazameni bila kufuata mpira. Ni kazi ngumu, maana macho huukimbilia yenyewe, lakini mpira unaonyesha kilichokwisha kuamuliwa. Nyinyi mnatafuta dalili za kabla. Simamisheni video kila raki inapoundwa, yaani pale mchezaji ameangushwa na wengine wanasukumana juu ya mpira, kisha watafuteni wale wanane wa mbele wamesimama wapi. Timu nyingi huwapanga 1-3-3-1: mmoja kila pembeni, na makundi mawili ya watu watatu katikati. Wengine hutumia 2-4-2. Mkishaujua mpangilio wao, mtajua ni kundi lipi litabeba mpira na ni upande upi wana watu wengi kuliko nyinyi.

Kisha mkazieni macho namba 10, yule anayeongoza mashambulizi yao. Mara nyingi akisogea karibu na safu yenu anataka pasi fupi. Akirudi nyuma mita kumi hivi, anafikiria kupiga teke au kuupeleka mpira mbali pembeni. Namba 9, yule anayeutoa mpira kwenye raki, naye hujifichua mwenyewe: wengi humtazama wanayetaka kumpasia hata kabla mikono haijagusa mpira. Hilo linaonekana vizuri kwenye video ya simu, mkipunguza kasi.

Halafu hesabuni sekunde tangu mtu aanguke hadi mpira utoke. Ukitoka chini ya sekunde 3, huo ni mpira wa haraka, na ndio unaoua. Ninaliamini hili kuliko mbinu zote: mpira wa haraka huifanya timu ya kawaida ionekane ya kutisha, kwa kuwa nyinyi bado mnainuka na kurudi nyuma wakati wao wanakimbia mbele. Wapeni vijana mazoea matatu tu ya mpinzani, basi. Mkiwapa kumi, hawataingia uwanjani na hata moja.

Winga wao ana mbio za ajabu, kila mara tunafungwa trai (bao la kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wetu wa goli) pembeni. Tumwekee watu wawili? (Igoma)

Hapana. Mkimwekea wawili, mmefungua mlango katikati. Winga hafungi peke yake. Anafunga kwa sababu mpira umemfikia akiwa na nafasi. Kwa hiyo chagueni: ama mumsindikize nje, ama mpira usimfikie kabisa.

Kumsindikiza ni hivi: safu inapanda kidogo, kisha wote wanateleza kuelekea pembeni, kila mmoja akimwachia mwenzake wa ndani mtu aliyekwisha kutoa pasi. Mbeba mpira anasukumwa hadi kwenye mstari wa pembeni. Njia ya pili ni kupanda kwa kasi, namba 13, yule wa katikati aliye karibu na winga, akitangulia kidogo ili kukata njia ya pasi ndefu. Afrika Kusini walijijengea jina kwa ukabaji huo chini ya kocha wao wa ulinzi, Jacques Nienaber. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 waliifunga England 32-12 na hawakuruhusu trai hata moja. Pointi zote 12 za England zilitokana na penalti.

Ila njia hii ina hatari yake. Kama mtego wa kuotea kwenye soka, mmoja akichelewa wote mmekwisha. Nyuma ya safu pia panabaki wazi: trai ya Makazole Mapimpi, winga wa Afrika Kusini, katika fainali hiyohiyo ilianza na teke lake dogo juu ya walinzi wa England.

Ushauri wangu ni kutochagua njia moja kwa mechi nzima. Mpira wao ukitoka polepole, pandeni kwa kasi. Ukitoka haraka, telezeni nje na mkubali kupoteza mita chache. Anayeamua ni mmoja, kwa sauti moja, na wengine wanamfuata bila kubishana.

Tukijaribu kuchelewesha mpira wao tunapigwa penalti. Tunakosea wapi? (Musoma)

Naona makosa mawili kila mara. Aliyemwangusha mtu hamwachii na wala hajiviringishi kutoka. Na anayekuja kunyang'anya anaingia kwa ubavuni au anaegemeza mikono chini. Aingie kwa upande wake, asimame kwa miguu yake mwenyewe, ashike mpira kabla raki haijaundwa. Akichelewa, asiguse kwa mkono. Arudi kwenye safu. Na asiyekuwa na nafasi asiende kabisa. Mtu mmoja anayesimama safuni ana faida kuliko watatu waliolala kwenye raki.

Mchana upepo unavuma kutoka ziwani, nao wanapiga mateke marefu nyuma yetu. (Pasiansi)

Huo upepo wa mchana mnaujua kuliko wageni, utumieni. Mkiwa mnacheza dhidi yake, wekeni watu wawili nyuma na winga wa upande wa pili awe tayari kurudi. Kumbukeni pia sheria ya 50:22: mtu akipiga teke kutoka nusu yake, mpira ukadunda uwanjani kisha ukatoka pembeni ndani ya eneo la mita 22 lenu, yaani karibu na mstari wenu wa goli, wao ndio wanaourusha mpira kuingia uwanjani. Sharti ni kwamba mpira hawakuurudisha wenyewe katika nusu yao. Kwa hiyo pembe zenu za nyuma zisiachwe tupu, hata kama safu ya mbele itapungukiwa na mtu.

Sisi tunacheza ya wachezaji saba. Mambo haya yanatuhusu? (Mwanafunzi, Malimbe)

Yanawahusu, ila nafasi ni kubwa mno: uwanja ni uleule wenye upana wa karibu mita 70, na mkimwacha mmoja nyuma mnabaki sita mbele. Msipeleke watu wengi kwenye raki. Telezeni, subirini, mlazimisheni arudi ndani penye wenzenu. Kenya walipoifunga Fiji 30-7 katika fainali ya mashindano ya wachezaji saba ya Singapore mwaka 2016, waliifunga timu ambayo miezi michache baadaye ilitwaa dhahabu ya Olimpiki, kwa hiyo wenye vipaji vikubwa hukabika.

Na mkikaba, lengeni kati ya kiuno na mapaja. Kumshika mtu juu ya mabega ni kosa, tena kunaweza kumvunja shingo kijana wa watu. Kwenye mazoezi anzeni mkiwa mmepiga magoti, kisha kwa kutembea, ndipo mkimbie.