Hata Harvey aliambiwa inatosha

Mpwa wangu,

Ujumbe wako wa kwenye kundi la ukoo nimeusoma mara tatu, ya mwisho nikiwa kwenye treni ya alfajiri natoka kazini, nikaona nisipojibu leo nitajibu kwa hasira kesho. Umeandika kwamba hapo Tanga inazunguka video ya kijana Mwafrika anayeruka juu ya mabega ya wenzake na kudaka mpira wenye umbo la yai. Kwamba wachezaji wa mpira huo huku Australia klabu zao huwatunza mpaka uzeeni. Na kwamba mdogo wako ana futi sita na inchi nne, hivyo kazi yangu mimi ni kuandika barua ya mwaliko tu. Mama yako naye akaongeza chini yake: "Huko mtu akishaingia hatolewi."

Anatolewa, dada yangu. Tena anatolewa angali anaweza.

Nianze na huyo kijana. Kwa jezi uliyoieleza ni Aliir Aliir wa timu ya Port Adelaide. Amezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, Kenya, wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Ni beki, na mwaka 2021 aliingia kwenye kikosi bora cha ligi nzima. Hata mimi nikimwona anapaa moyo wangu hupaa naye. Lakini aliletwa huku mtoto, mpira ameujulia kwenye viwanja vya huku. Majak Daw vilevile: kazaliwa Khartoum, familia yake ikaingia Australia mwaka 2003, na mwaka 2013 akawa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kucheza ligi kuu, AFL. Hakuna aliyekuja na miaka ishirini kwa barua ya mjomba wake. Vijana wapya huchaguliwa kwa zamu mwisho wa mwaka, timu iliyoshika mkia ikipewa nafasi ya kwanza, na wanaochaguliwa wamefuatiliwa tangu wakiwa shuleni. Halafu mgeni mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi yoyote, hata ya kuosha vyombo mgahawani. Barua unayoniomba haina kingine zaidi ya hiyo viza.

Sasa hilo la kutunzwa mpaka uzeeni.

Timu yangu ni North Melbourne. Sikuifuata kwa ubingwa. Tulipofika tulikaa kwenye magorofa ya serikali karibu na uwanja wao wa mazoezi, Arden Street, na klabu ile ina mahali panaitwa The Huddle, ambapo watoto wa wahamiaji na wakimbizi husaidiwa masomo baada ya shule. Binamu yako alifanyia hapo kazi zake za shule miaka minne. Mimi nikienda kumchukua nilikuwa nasimama kwenye uzio natazama wachezaji wakijifua. Katika mji ambao sikuwa namjua mtu, wale walikuwa watu wa kwanza niliowajua kwa sura na kwa majina.

Aliyenishika moyo ni Brent Harvey. Mchezo ule ni wa majitu, watu 18 kila upande kwenye uwanja wa umbo la yai, mkubwa kuliko wowote wa soka, na yeye ana sentimita 167. Alianza mwaka 1996. Alibeba ubingwa mwaka 1999. Mwaka 2016 alikuwa na miaka 38 na bado anawapita mbio watoto waliokuwa hawajaanza shule yeye alipovaa jezi ile mara ya kwanza. Mwezi Julai mwaka huo akaipita rekodi ya Michael Tuck ya mechi 426, akawa mtu aliyecheza mechi nyingi kuliko yeyote katika historia ya ligi hiyo mpaka wakati huo. Timu ilikuwa imeanza msimu kwa kushinda mara tisa mfululizo. Tulikuwa tunaimba.

Mwishoni mwa Agosti, kabla ya mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, klabu ikawaambia Harvey, Drew Petrie, Nick Dal Santo na Michael Firrito kwamba mikataba yao haitaongezwa. Wanne, wiki moja. Ukijumlisha mechi zao kwa jezi ile zinapita 1,000. Harvey mwenyewe alitaka kuendelea na alisema hivyo wazi. Mechi yake ya 432 ndiyo ikawa ya mwisho: ugenini Adelaide, kwenye mtoano, wakafungwa kwa tofauti ya pointi 62. Petrie alipata timu Perth, West Coast, akacheza msimu mmoja zaidi.

Sababu nilizielewa, usidhani sikuzielewa. Ligi inaweka kikomo cha idadi ya wachezaji na kikomo cha fedha za mishahara. Mkongwe mmoja akibaki, kijana mmoja hapati nafasi. Miaka 38 ni miaka 38. Lakini wanne kwa mpigo nilikataa na bado nakataa. Kijana hafundishwi na ubao wa kocha peke yake. Hufundishwa na mtu anayecheza pembeni yake, anayemwambia "subiri, sasa, nenda". Ukiwaondoa wote siku moja umeondoa na hayo. Tazama yaliyofuata: kuanzia 2020 mpaka 2024, kila msimu timu ile haikushinda zaidi ya mechi nne. Mwaka 2021 na 2022 ilishika mkia. Mwaka 2020 waliachwa wachezaji 11 kwa mara moja, na Majak Daw akiwa miongoni mwao. Sisemi kuachwa kwa wale wanne peke yake ndiko kulikoleta yote hayo. Nasema waliobaki walibaki bila wakubwa, na nyumba isiyo na wakubwa mnaijua.

Siku ile ya Agosti nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu: afadhali sisi wa ghalani, kazi yetu haina mashabiki lakini ina uhakika.

Ghala lenyewe ni la vyakula vya kugandishwa, nyuzi 20 chini ya sifuri. Unavaa masweta mawili, koti zito, glavu juu ya glavu, na kifaa cha sikioni kinachokutajia namba ya rafu na idadi ya katoni. Unabeba, unapanga kwenye paleti, kinakutajia nyingine. Kifaa hicho hicho kinakuhesabu. Mwisho wa zamu jina lako linabandikwa ukutani na asilimia yako. Miaka kumi na moja nilikuwa juu ya mia. Kibarua, mpwa wangu, sikuwa mwajiriwa: niliingia kupitia wakala, na kibarua wa huku hulipwa robo zaidi kwa saa badala ya kupewa likizo na siku za kuugua. Miaka yote hiyo niliihesabu ile robo kuwa ni faida. Sikujua kwamba ndiyo bei ya kuniondoa bila kuniaga.

Mwaka juzi goti lilianza. Asilimia ikashuka, 96, 91, 88. Wakaja vijana wanafunzi, wepesi, mia na kumi, mia na kumi na tano. Hakuna aliyenigombeza. Hakuna aliyeniita ofisini. Usiku mmoja wa Jumapili simu ikalia ujumbe: kesho hakuna zamu. Jumatatu usiku ujumbe uleule. Ijumaa haukuja hata ujumbe. Nikapiga simu kwa wakala, dada wa mapokezi akasema jina langu bado lipo, nisubiri nitaitwa. Nilisubiri miezi miwili. Makabati yalipofunguliwa kwa ajili ya watu wapya, mwenzangu mmoja wa Burundi ndiye aliyeniletea glavu zangu na thermosi ndani ya mfuko wa nailoni.

Wachezaji wakongwe huku wakiaga hubebwa mabegani na wenzao wakitoka uwanjani, watu wote wamesimama. Nimeshuhudia mara nyingi na kila mara machozi yamenitoka. Mwaka jana nilitazama mmoja akibebwa, kwenye televisheni, nikaizima. Niliona haya kumwonea wivu mtu ambaye naye ameachishwa kazi. Lakini yeye aliambiwa ana kwa ana. Mimi sikuomba mabega. Nilitaka mtu mmoja aniambie: mzee, inatosha, asante.

Sasa nije kwenye mnalostahili kusikia, na nililowaficha.

Miezi ile miwili fedha ziliendelea kuja, siyo? Dola 400, kama kawaida, dawa za bibi yako na ada ya mdogo wako. Zilikuwa za mkopo. Nilichukua kwenye kadi ya benki kwa riba, nikatuma, nikawaambia kazi inaendelea vizuri. Hapo ndipo mlipopata habari kwamba huku mtu hatolewi: kwangu. Uvumi mnaoutembeza hapo barazani nimeusuka mwenyewe kwa mkono wangu, na ndiyo maana nimekasirika hivi. Nisameheni. Hivi sasa nasafisha maofisi usiku katikati ya mji, kuanzia saa nne mpaka alfajiri, ghorofa tatu, na deni lile bado nalilipa.

Kwa hiyo usimlete mdogo wako. Muache amalize VETA, ajue umeme au mabomba mpaka aitwe fundi. Fundi umeme huku halali njaa, na goti likimsumbua bado kichwa chake kina thamani. Mimi nilikuja na mgongo tu, na mgongo una msimu wake kama miguu ya mchezaji.

Lakini kama anataka kuja, sitamzuia, na mlango wangu upo wazi. Sitasahau kwamba binamu yako leo anasomea uuguzi, na ningebaki Tanga sijui ningemsomesha kwa kipi. Nchi hii imenipa hilo. Aje kwa njia ya masomo au ya ufundi, karatasi zake kamili, asije kwa matembezi akajificha. Akija asikubali kuwa kibarua wa wakala miaka kumi na moja kama mimi. Ukipita mwaka mmoja kazi haijabadilika, aulize, adai kuajiriwa, sheria inamruhusu kuomba. Mimi niliogopa kuuliza. Na afungue macho kwenye ile akiba ya uzeeni ambayo mwajiri anatakiwa kukuwekea juu ya mshahara, sasa asilimia 12. Yangu nilikuja kuikagua siku niliyoachwa, nikakuta imegawanyika kwenye mifuko mitatu, kila mmoja unakata ada yake.

Na nyinyi huko. Msinitumie tena ujumbe wa "mjomba mwisho wa mwezi huu" bila hata salamu. Jengo la bibi yako lisimame hapo lilipofika, lenta inatosha kwa sasa, paa litakuja. Fedha zitapungua kuanzia mwezi huu, nitatuma 150. Za dawa hazitakosekana, hata iweje, na ikitokea dharura uniambie usiku huohuo, usinionee huruma ukanyamaza. Najua nimesema msiombe. Dharura ni jambo jingine.

Bibi yako msimsomee yote haya. Mwambieni nimebadilisha kazi, sasa sikai tena kwenye barafu, jambo ambalo ni kweli, na atafurahi kwa kweli.

Na mdogo wako anipigie yeye mwenyewe, siyo kupitia kwako. Saa nane mchana kwenu ni saa tatu usiku kwangu, nakuwa nimeshakula na sijatoka. Asiniambie urefu wake. Aniambie anapenda kufanya nini akiwa amekaa chini, nami nitamsikiliza mpaka saa ya treni.